Chupa imeandikwa "organic"? Uliza haya kabla hujatoa hela yako

Leo somo letu ni waini nyekundu, au mvinyo kama wanavyoandika magazetini. Najua humu kuna wanaouza mchele, wanaouza vitenge, wanaouza vipodozi. Usipite, kaa kidogo. Neno "organic" limeshaingia kwenye asali, kwenye mafuta ya nazi, kwenye sabuni, mpaka kwenye unga wa lishe. Ukilielewa vizuri kwenye chupa moja ya waini, utalielewa kwenye bidhaa yako pia.

Mimi nina duka hapa Dodoma, upande wa Ipagala. Niliishia kidato cha nne, mengine yote nimejifunza humu humu dukani kwa kuuliza watu na kusoma lebo. Nauza vitu vya nyumbani, na nina leseni ya kuuza vileo vya kuondoka navyo, kwa hiyo kuna shelfu moja la waini. Nyingi ni za zabibu zetu za hapa hapa, chache ni za kutoka nje.

Kwa Kiswahili "organic" tunasema kilimo hai. Kitu kikubwa nilichojifunza, na ndicho nataka uondoke nacho leo, ni hiki: kilimo hai ni ahadi yenye masharti, na masharti hayo hayafanani kila nchi. Ukiiuza ahadi usiyoijua, siku mteja akidhurika utajibu wewe, maana aliyeibandika stika hayupo dukani kwako.

ODA ILIYONIFANYA NISOME

Nina mteja mmoja, mama mtu mzima, anafundisha chuo. Jioni moja alikuja na chupa tupu kwenye mfuko. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, hii binti yangu aliniletea kutoka Marekani. Nina pumu, waini nyingine nikionja tu kifua kinabana. Hii nilikunywa glasi moja sikupata shida. Unaweza kunitafutia kama hii?"

Nikaipiga picha lebo. Ilikuwa waini nyekundu ya Frey Vineyards, Redwood Valley, California. Ina alama ya kilimo hai ya serikali ya Marekani, na pembeni imeandikwa kwamba haikuongezwa salfaiti. Nikamwambia, "Mama nipe siku chache niulize."

Wiki ile ile akapita msambazaji mmoja na gari lake. Nikamwonyesha picha. Akacheka, akashusha katoni ya chupa 6 za waini nyekundu ya Ufaransa, kila chupa ina stika ya dhahabu imeandikwa ORGANIC. "Dada, chukua hii, ndiyo hiyo hiyo. Organic ni organic. Haina dawa hata kidogo." Katoni shilingi 252,000.

Nilikuwa na hela hiyo. Ilikuwa ya kununulia sukari na mafuta ya kula. Na mteja nilikuwa naye tayari, anasubiri. Hapo ndipo wengi wetu tunapoingia kichwa kichwa. Nilimwomba aniachie chupa moja niiangalie mpaka kesho, akakubali. Usiku nikakaa na simu yangu, nikaanza na ile chupa tupu ya mama.

FAMILIA ILIYOKO NYUMA YA CHUPA

Frey ni jina la ukoo. Baba na mama, Paul na Marguerite Frey, walikuwa madaktari wa binadamu. Walinunua shamba Redwood Valley, kaskazini mwa California, mwaka 1961, na mwaka 1967 wakapanda mizabibu. Walikuwa na watoto 12. Miaka ya mwanzo walikuwa wanauza zabibu tu kwa watengeneza waini wengine, kama wakulima wetu wengi wa Dodoma wanavyofanya.

Mtoto wao Jonathan alikuwa amejifunza kilimo hai. Mwaka 1980 familia ikafungua kiwanda chake yenyewe pale pale shambani, na kinatambulika kama kiwanda cha kwanza cha waini ya kilimo hai Marekani. Mpaka leo bado ni biashara ya ukoo, na wamebaki na msimamo wa kutoongeza salfaiti.

Oktoba 2017 moto mkubwa wa msituni ulipita Redwood Valley ukachoma kiwanda chao. Wakajenga upya wakaendelea.

Nawaambia habari hizi kwa sababu ya biashara. Angalia walichofanya: walikuwa wanauza zabibu, jina linabaki la mnunuzi. Walipoanza kuuza chupa yenye jina lao, kila neno kwenye lebo likawa mzigo wao. Wakidanganya, ni jina la ukoo linalochafuka. Hiyo ndiyo faida ya kununua bidhaa ya familia: unajua wa kumuuliza. Lakini familia peke yake haitoshi. Kuna familia nzuri zinapiga dawa kila wiki, na kuna makampuni makubwa yenye cheti halali cha kilimo hai. Familia na kilimo hai ni vitu viwili, vihakikishe kimoja kimoja.

SHAMBANI: KILIMO HAI SI KUTOPULIZIA KITU

Msambazaji aliniambia "haina dawa hata kidogo". Watu wengi wanaamini hivyo, na wanaokosea si wateja peke yao.

Zabibu ina adui mkubwa, ukungu. Kuna ubwiriunga, ule unaofanya jani na tunda vionekane kama vimenyunyiziwa unga. Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi mnaujua vizuri kwenye mikorosho, na mnajua dawa yake ni salfa. Basi salfa hiyo hiyo inaruhusiwa kwenye kilimo hai cha zabibu, Ulaya na Marekani. Hata dawa za madini ya shaba zinaruhusiwa, kwa kiasi. Kinachokatazwa ni viuatilifu na mbolea za viwandani zilizotengenezwa kwa kemikali, pamoja na dawa za kuua magugu.

Kwa hiyo mkulima anapalilia kwa jembe au mashine, anaweka samadi na mboji, anapanda mimea katikati ya mistari ili kulisha udongo, na anapunguza majani ili hewa ipite kwenye vichala visishike ukungu. Hali ya hewa nayo inasaidia. California kiangazi ni kikavu, na ukungu unapenda unyevu, kwa hiyo mkulima wa huko anapata unafuu kuliko wa sehemu zenye mvua wakati zabibu zinaiva.

Na kuna kitu kinaitwa kipindi cha mpito. Kwa sheria za Marekani na za Ulaya, shamba la zabibu lazima likae miaka 3 bila vitu vilivyokatazwa kabla mavuno yake hayajaitwa ya kilimo hai. Fikiria hiyo miaka 3. Gharama ni za kilimo hai, bei ni ya kawaida. Halafu kila mwaka mkaguzi anakuja na ukaguzi unalipiwa. Mteja akikuuliza kwa nini chupa hii bei yake imesimama, sasa una jibu la kweli, huna haja ya kumwambia "ni ya kizungu".

KIWANDANI: HAPA NDIPO AHADI ZINAPOACHANA

Sasa twende kwenye salfaiti, maana ndiyo ilikuwa shida ya mama.

Waini nyekundu inatengenezwa kwa kuacha maganda ndani ya maji ya zabibu. Rangi iko kwenye ganda. Zabibu nyingi nyekundu ukizikamua peke yake, maji yake hayana rangi nyekundu. Hamira inakula sukari ya zabibu, inatoa kilevi. Hamira hiyo hiyo ikiwa kazini inatengeneza salfaiti kidogo yenyewe. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "waini hii haina salfaiti kabisa", jihadhari. Kauli iliyo salama ni "haikuongezwa salfaiti".

Watengenezaji wengi duniani wanaongeza salfaiti makusudi. Inazuia vijidudu, na inazuia waini isiharibiwe na hewa. Ni kihifadhi, kile kile kinachowekwa kwenye matunda mengi makavu. Watu wengi haiwadhuru, lakini baadhi ya wenye pumu inaweza kuwabana kifua.

Usichanganye hapo: salfa ya shambani inapuliziwa kwenye majani, salfaiti ya kiwandani inawekwa ndani ya waini. Majina yanafanana, kazi ni mbili tofauti.

Sasa angalia sheria zinavyotofautiana:

Marekani, waini ikiitwa "organic wine", zabibu lazima ziwe za kilimo hai NA salfaiti isiongezwe. Kuna daraja lingine linaandikwa "made with organic grapes", yaani imetengenezwa kwa zabibu za kilimo hai. Hilo linaruhusiwa kuwa na salfaiti mpaka sehemu 100 kwa milioni.

Ulaya, tangu kanuni za mwaka 2012, waini inaweza kuitwa ya kilimo hai na bado ikawa imeongezwa salfaiti. Nyekundu isiyo na sukari mwisho wake ni miligramu 100 kwa lita, wakati nyekundu ya kawaida mwisho ni 150. Imepunguzwa, haijaondolewa.

Umeona? Mfaransa na Mmarekani wote wanaandika organic, na wote wanasema kweli, lakini hawajaahidi kitu kimoja. "Organic ni organic" ni maneno ya mtu anayetaka kumaliza mzigo kwenye gari.

Nikageuza ile chupa ya msambazaji. Nyuma, kwa maandishi madogo kabisa: "Contient des sulfites". Ni Kifaransa, maana yake ina salfaiti. Kama ningempelekea mama mwenye pumu nikamwambia "ndiyo ile ile", ningekuwa nimemuuzia kitu kinachombana kifua kwa bei ya kitu kisichombana. Angekunywa akiwa nyumbani kwake, usiku, akiwa ameniamini mimi.

VITU VINNE VYA KUANGALIA KWENYE LEBO

1. Alama imechapishwa au imebandikwa? Alama ya kilimo hai ya Ulaya ni jani lililochorwa kwa nyota, kwa kawaida juu ya rangi ya kijani. Linakuwa sehemu ya lebo yenyewe. Stika ya dhahabu inayobanduka kwa kucha si alama, ni pambo. Ile chupa niliyoachiwa haikuwa na jani mbele wala nyuma.

2. Kuna namba ya mkaguzi? Chini au karibu na lile jani lazima kuwe na kodi ya chombo kilichokagua. Ya Ufaransa inaanza na FR-BIO halafu namba, kwa mfano FR-BIO-01. Herufi mbili za mwanzo ni nchi. Kodi isipokuwepo, uliza. Na omba nakala ya cheti kwa simu. Cheti kina jina la mzalishaji, aina ya bidhaa na tarehe ya mwisho. Jina la kwenye cheti na la kwenye chupa yafanane. Cheti cha jirani hakikusaidii.

3. Nani amejaza chupa? Waini za Kifaransa ukiona "Mis en bouteille au domaine", maana yake imejazwa pale pale shambani. Kuna pia alama ya mtu amebeba pipa begani, hiyo ni ya wakulima wa Ufaransa wanaojitegemea, wanaolima na kutengeneza wenyewe. Hapo habari ya "shamba la familia" ina pa kuegemea. Bila hivyo, picha ya babu na kofia kwenye lebo ni picha tu.

4. Stempu ya TRA ipo? Waini inayouzwa dukani lazima iwe na stempu ya kodi ya kielektroniki. Kuna programu ya simu inaitwa Hakiki Stempu, unaiskani unaona. Chupa ambayo mtu kaja nayo kwenye begi kama zawadi, hata iwe nzuri vipi, usiipange kwenye shelfu lako. Zawadi inanywewa nyumbani.

NILICHOFANYA

Kesho yake msambazaji alirudi. Nilimwambia, "Kaka, naomba cheti, na nionyeshe kodi ya mkaguzi." Akasema cheti kiko ofisini. Nikamwambia, "Sawa, kikifika nitachukua." Akapakia katoni yake akaondoka. Hatukugombana. Kumkatalia msambazaji ni jambo la kawaida, jifunze kulifanya ukiwa unatabasamu, kesho anaweza kuja na mzigo mzuri.

Mama alipokuja nikamweleza. "Mama, ile ya binti yako haikuongezwa salfaiti, imeandikwa. Hizi ninazoweza kupata mimi sasa hivi, hata za kilimo hai, zina salfaiti. Siwezi kukuuzia nikakwambia ni sawa. Na kabla hujajaribu yoyote, muulize daktari wako wa pumu." Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mwanangu, nipe juisi ya ukwaju na nyanya za elfu mbili." Siku hiyo niliuza juisi na nyanya. Mwezi uliofuata alinitumia wenzake wawili wa chuoni. Hao hawana pumu, walikuwa wanataka waini nyekundu ya kilimo hai yenye uthibitisho, na walitaka kununua kwa mtu ambaye hawezi kuwadanganya. Neno alilowaambia sikulilipia tangazo.

HESABU KWANZA, MAPENZI BAADAYE

Tuweke namba mezani. Chukulia waini ya kawaida ya kutoka nje unainunua 18,000 unauza 24,000. Faida 6,000. Ya kilimo hai unanunua 42,000 unauza 52,000. Faida 10,000. Kwa macho, ya kilimo hai inalipa zaidi.

Sasa angalia mtaji. Hiyo 252,000 ya katoni moja ya chupa 6 inanunua chupa 14 za kawaida. Zikiisha zote, 14 mara 6,000 ni faida ya 84,000. Zile 6 zikiisha zote ni 60,000. Halafu zile 14 zinatoka haraka, hela inarudi unaizungusha tena. Zile 6 zinaweza kukaa miezi.

Na ikiharibika chupa moja tu kati ya zile 6? Unauza 5, faida 50,000, toa 42,000 ya iliyoharibika. Umebaki na 8,000 kwa katoni nzima. Hapo hujahesabu umeme.

Kwa hiyo mimi nilifanya hivi. Nilitafuta msambazaji mwingine wa Dar es Salaam anayekubali kuchanganya katoni. Alikuwa na waini nyekundu ya shamba la familia la kusini mwa Ufaransa: jani lipo, kodi ipo, cheti alinitumia, imejazwa shambani, stempu ya TRA inasoma. Nikachukua chupa 3 tu, na zilizobaki kwenye katoni nikajaza za kawaida. Wale wateja wawili walilipa nusu kabla, 26,000 kila mmoja. Jumla 52,000. Chupa 3 ni 126,000, kwa hiyo hela yangu iliyolala ilikuwa 74,000 tu. Bidhaa ya bei kubwa inayotoka polepole, ianze na oda. Mteja asiyekubali kulipa nusu bado hajaamua.

KUIFIKISHA SALAMA MPAKA KWA MTEJA

Waini yenye kihifadhi kidogo inahitaji mtunzaji makini zaidi. Adui ni watatu: joto, mwanga na hewa.

Dodoma jua linawaka na wengi tumeezeka bati. Usiweke waini shelfu la juu karibu na bati, wala dirishani ili ipendeze. Iweke chini, chumba cha ndani, ukuta usiopigwa na jua la mchana. Inapenda ubaridi wa wastani usiobadilika badilika, nyuzi 12 mpaka 18 hivi. Kama huwezi kufikia huko, angalau ikae sehemu yenye ubaridi kuliko zote dukani, na usiweke stoo kubwa ya waini kipindi cha joto kali. Mwezi Novemba mimi nashusha chache sana.

Chupa yenye kizibo cha gome la mti ilaze, kizibo kibaki na unyevu kisikauke kikapitisha hewa. Yenye kifuniko cha kuzungusha inaweza kusimama.

Unapopokea mzigo, angalia kizibo. Kikiwa kimesukumwa juu, au kuna mchirizi wa waini umekauka shingoni, chupa hiyo imepata joto njiani. Irudishe pale pale mbele ya dereva, usisaini kwanza. Ukisaini imeshakuwa yako.

Na mwambie mteja: ukifungua, irudishie kizibo, iweke kwenye friji, imalize ndani ya siku mbili tatu. Ambayo haikuongezwa salfaiti ndiyo inawahi kugeuka siki. Mteja asipoambiwa, atarudi kukuambia umemuuzia siki.

MANENO YA KUSEMA NA YA KUACHA

Usiseme "haina kemikali". Sema "zabibu zake zimelimwa bila viuatilifu na mbolea za viwandani, na cheti hiki hapa".

Usiseme "hii hailewesha" wala "hii hailetei kichwa asubuhi". Kilevi ni kile kile, waini nyekundu nyingi zina asilimia 12 mpaka 14, iwe ya kilimo hai au siyo. Mtu akimaliza chupa peke yake, kichwa kitamuuma tu.

Usiseme "ni dawa ya moyo". Wewe una duka, huna zahanati. Mjamzito, mwenye dawa za hospitali, mwenye pumu, mwelekeze kwa daktari. Na wa chini ya miaka 18 asinunue hata kama ametumwa na baba yake.

NA ZABIBU ZETU JE?

Najua kuna atakayeuliza: kwa nini nahangaika na Ufaransa wakati nimezungukwa na zabibu? Swali zuri.

Zabibu Dodoma zililetwa na wamisionari Wakatoliki miaka ya 1950, pale Bihawana. Leo familia nyingi za Hombolo, Mpunguzi na vijiji vingine zina mashamba ya zabibu, na tuna kituo chetu cha utafiti Makutupora ambacho jina lake limebaki kwenye zabibu nyekundu ya hapa, Makutupora. Mkulima wa hapa anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Na kiangazi chetu kikavu, kama cha California, kinapunguza ukungu.

Wakulima wengine wanatumia samadi tu kwa sababu mbolea ya dukani ni ghali. Akija kukuambia "hizi ni organic", muelewe, lakini usiandike hivyo kwenye shelfu lako. Samadi peke yake haitoshi. Lazima kuwe na kumbukumbu za shamba na mtu wa nje aliyekagua. Afrika Mashariki tuna kiwango chetu cha kilimo hai tangu 2007, na alama yake inaitwa Kilimohai. Kuna hata utaratibu wa wakulima wadogo kukaguana kwa vikundi, ili gharama ya cheti isimshinde mwenye nusu eka. Waini ya familia ya Dodoma ikija na alama hiyo, mimi nitakuwa wa kwanza kuipanga mbele, na itakuwa rahisi kumwambia mteja panda bajaji ukalione shamba lenyewe.

Mpaka siku hiyo, waini za Dodoma naziuza kwa sifa zake za kweli: zabibu za hapa, mkulima wa hapa, bei nzuri. Sifa hizo zinatosha kuuza. Hazihitaji stika ya dhahabu.

Kwa kumalizia, chukua maswali haya uyaandike nyuma ya daftari la madeni, utayatumia kwenye asali, kwenye sabuni, kwenye chochote kinachokuja kimeandikwa organic:

Ni kiwango cha nchi gani? Nani alikagua, na namba yake iko wapi? Cheti kina jina la nani na kinaisha lini? Kimeongezwa nini baada ya kutoka shambani? Na mteja wangu anakitaka kwa sababu gani hasa?

Hilo la mwisho ndilo watu wengi hawaulizi. Wawili wanaweza kutaka chupa moja, mmoja anataka udongo usiharibiwe, mwingine anataka kifua kisibane. Ukijua sababu ya kila mmoja, utajua yupi umuuzie na yupi umwambie hapana.

Wewe bidhaa yako gani imeshaletwa na stika ya organic, na uliuliza nini? Andika hapo chini tujifunze wote. Na kama una rafiki mwenye duka anayetaka kuanza kuuza waini, mtumie somo hili kabla hajatoa hela. Biashara njema.